Zanzibar: Safari ya Kuutafuta Uso wa Mume Wangu

Fungate yetu tulikwenda kuila Unguja, mwaka 2017. Siku nne, pesa za kubana, raha tele. Nilirudi Dar na picha zaidi ya mia tatu. Kuta nyeupe za Mji Mkongwe zimetoka bomba, milango ya nakshi imetoka bomba, bahari ndiyo usiseme. Mume wangu je? Kivuli chenye meno.

Mwanzoni tulicheka. “Si ulitaka mweusi tii mwenyewe,” alitania. Lakini, msomaji wangu, utani mwingine una mwisho. Taratibu akaanza kuikwepa kamera. Kila shughuli ya familia utamsikia, “Lete niwapige nyinyi.” Siku mtoto wetu alipofunua albamu na kuuliza, “Mama, hapa baba alikuwa wapi?”, mwenzangu aliinuka akaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Picha iliyoniuma zaidi ni ile ya mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Nguzo zake zote zinahesabika, uso wa mume wangu hauonekani. Na kuirudia haiwezekani: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Ndipo nilipojua kwamba kuna picha zisizosubiri ujifunze kwanza.

Basi safari hii nilipanda boti nikiwa na kamera ya zamani ya filamu, ya baba mkwe, na mita ya mwanga ya kuazima. Ni kidude cha kushika mkononi, ukubwa wake kama simu ndogo, kichwani kina kibonge cheupe mithili ya nusu ya mpira wa meza. Namna ya kukitumia sikuijua hata kidogo.

Somo la barazani

Baba mkwe ana rafiki yake Kiponda, mzee aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi ya picha. Tulimkuta barazani na kahawa yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwonyesha picha za fungate.

“Hapa ulikuwa ukipima nini, mwanangu?”

“Sikupima, baba. Kamera inapima yenyewe.”

“Basi ilikuwa ikipima ukuta.”

Akanifafanulia. Kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na imetengenezwa iamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha katikati. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza ili ukuta uwe kijivu. Anayelipa ni mtu mweusi aliyesimama hapo mbele.

Mita ya mkononi yenye kibonge cheupe haijali ukuta. Inapima mwanga unaomwangukia mtu. Unaisogeza hadi usoni pake, kibonge unakielekeza kwenye kamera, unabonyeza. Awe mweupe au mweusi, avae kanzu au suti nyeusi, jibu ni lilelile, maana jua linalowaangukia ni moja.

“Lakini lazima umwendee,” mzee akasisitiza. “Ukisimama kule, unapima mwanga wako wewe.”

Hesabu za vichochoro

Tukaanza mazoezi. Filamu yangu ilikuwa ya ISO 400. Saa sita mchana, Forodhani, jua la utosi, mita ikaniambia kasi ya 1/500 na tundu la lenzi f/16. Tukakatiza hadi kichochoro kimoja cha Hurumzi, nyumba zimekaribiana hadi anga limebaki utepe. Kwa macho yangu mwanga ulikuwa umepungua nusu hivi. Mita ikasema 1/60 kwa f/5.6.

Fanya hesabu. Kutoka f/16 hadi f/5.6 ni hatua tatu. Kutoka 1/500 hadi 1/60 ni hatua tatu nyingine. Kila hatua inaongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo kichochoro kilikuwa na mwanga pungufu mara 64! Macho yetu yanazoea giza haraka mno, hayatuambii ukweli.

Barabara ya Kenyatta, Shangani, ndipo lilipo jina kubwa la picha za Zanzibar: Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, kisha ikarithiwa na mwanawe Rohit. Ukiziona picha zake nyeusi na nyeupe za mji, majahazi na watu, unaelewa kwamba jua hili la Unguja linaweza kuelewana na mtu.

Kipimo cha homa

Siku ya tatu tulikwenda Paje, upande wa mashariki, ambako kilimo cha mwani kilianza kushika kasi tangu mwaka 1989. Maji yametoka, mchanga mweupe unachoma macho, kinamama wameinama kwenye kamba zao. Zamani ningewapiga kwa mbali nikaondoka zangu. Sasa nina mita, na mita inataka uso.

Nikavua viatu, nikawafuata. “Hodi jamani. Habari za kazi?” Nikamwomba mama mmoja nimpige picha, nikamsogezea kibonge chini ya ukingo wa kofia yake ya ukili.

“Miye sina homa, mwanangu!” Wenzake wakaangua kicheko.

Nikamweleza. Kwenye jua ilikuwa f/16, chini ya kofia f/5.6. Nikachagua kivuli chake, maana ndiko macho yake yaliko. Mchanga ungue ukipenda. “Haya piga,” akasema, “lakini picha yangu niletewe.” Niliahidi, na bahasha imeshakwenda.

Zamu yake

Jioni ya mwisho, saa kumi na moja, tulirudi kwenye kichochoro cha Hurumzi. Nikamwomba mwenzangu akae barazani, mgongo kwenye ukuta wa chokaa. Aligoma kidogo. Nikamwendea, nikashika mita kando ya shavu lake. Tulikuwa hatujatazamana kwa karibu hivyo, bila simu wala mtoto katikati, kwa muda mrefu. “Miaka yote nilikuwa napima ukuta,” nikamwambia. Hakujibu, lakini hakuhama.

Filamu ilisafishwa Dar wiki mbili baadaye. Ukuta umeungua kidogo, sikatai. Lakini uso wake upo: nyusi, kovu la utotoni juu ya jicho, na namna anavyobana mdomo akizuia kucheka. Aliitazama kimya, kisha akauliza nyundo iko wapi.

Kwa hiyo ukienda Unguja na umpendaye, hata kama ni kwa simu tu, gusa uso wake kwenye kioo kabla hujapiga, au mtoe mbele ya ukuta mweupe umweke kivulini. Kwanza kabisa, mwendee. Picha yetu imening'inia sebuleni, na mtoto ameacha kuuliza baba alikuwa wapi.