Leo Wangapi?

Kabla ya korona, hakuna aliyemuuliza nesi wa Jangwani, Dar es Salaam, mtoto kamwacha na nani. Tuliishi nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na uani hawakukosekana mchana wanawake watatu wanne. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na, akirejea kazini, muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Saa zilizobaki zilikuwa za uani. Alfajiri nilimlaza mwanangu kwa bibi wa chumba cha mbele, nikakimbilia mwendokasi Barabara ya Morogoro. Wodini akili yangu ilikuwa kwa wagonjwa tu, kwa sababu nilijua mtoto atakula.

Hata kipindupindu hakikuvunja utaratibu huo. Kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 nilipangiwa kambi ya wagonjwa, na uani wote ulijua. Watu wanaoishi kando ya Bonde la Msimbazi, wanaoingiliwa na mafuriko, hawahitaji kufundishwa kipindupindu: adui yumo katika maji na uchafu. Nilinawa kwa klorini, nikaacha viatu vya mpira kambini, nikafika nyumbani nikakabidhiwa mwanangu mikononi.

Korona ilikuja kwa pumzi. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Kwetu manesi wenye watoto hilo lilikuwa tangazo moja: wagonjwa wanakuja, na wanafunzi wanarudi nyumbani. Kariakoo haikufungwa. Ndoo za koki ziliwekwa milangoni pa maduka, biashara ikaendelea, na mume wangu akaendelea kwenda dukani Mtaa wa Kongo.

Jioni moja bibi aliitikia shikamoo yangu akiwa amesimama mbali.

“Mwanangu, usione nakukimbia. Mimi nina pumu.”

“Nimekuelewa, bibi.”

Nilimwelewa kweli. Ningekuwa mimi ni muuguzi wake, ningemshauri hivyo hivyo. Lakini usiku ule sikulala, maana kesho yake nilikuwa na zamu.

Mwishoni mwa Aprili taarifa za idadi ya wagonjwa zikakoma kutolewa. Uani ukaanza kuniuliza hesabu mimi. Nikipita na ndoo yangu ya kuogea, sauti inatoka kwenye mvuke wa nyungu ya kujifukizia: “Leo wangapi, sista?” Siri ya mgonjwa hairuhusu kujibu. Nilisema, “Tuombeane,” nao wakautazama uso wangu kutafuta jibu.

Mwanangu mdogo alikuwa bado ananyonya. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba mama aendelee kunyonyesha hata akiambukizwa, mradi anawe mikono na kuvaa barakoa. Hilo nililijua. Ila mtoto anayenuka maziwa na usingizi hajui kwa nini mama anampita mlangoni kwenda bafuni. Alikuwa akilia nje ya bafu, baba yake amemshika, na mimi ndani nasugua shingo na nywele huku maziwa yakitoka yenyewe. Sijawahi kusikia sauti iliyonichoma kama ile.

Tuliokolewa na manesi wenzetu. Mmoja alikuwa na vyumba viwili Magomeni Mapipa. Tukapanga zamu za watoto kama tunavyopanga za wodi. Aliyetoka usiku alilala saa chache, kisha akawapokea wa wenzake. Hatukuogopana, kwa kuwa hatari yetu ilikuwa moja. Waume nao waliingia kwenye ratiba. Wangu, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuogesha mtoto, alijifunza hata kupima uji kwa mgongo wa mkono.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Julai 2021, bibi alinigongea: “Nipeleke na mimi.” Tulikwenda pamoja, na uhusiano wetu ukarudi. Malezi hayakurudi kwake. Umri umekwenda, na wale wa uani wengi sasa wana vibanda vyao sokoni.

Hospitalini kwetu hakuna chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, na saa mbili za sheria hazimsaidii anayeingia usiku. Kwa hiyo ratiba ya Magomeni bado ipo. Ya wodi ikibandikwa, tunakaa nayo na kupanga yetu, na safari hii ameomba kuingizwa nesi wa kiume, baba wa mapacha.