Viwavi wa Mlimau Wangu

Mama msomaji, je, umewahi kukuta viwavi wakila majani ya mlimau wako? Mimi kwa miaka mingi niliwanyunyizia dawa bila huruma. Kisha niliwalalamikia watoto kwamba vipepeo wametoweka bustanini.

Safari ya Gede ndiyo iliyonifungua macho. Gede iko pwani ya Kenya, yapata kilometa 100 kaskazini ya Mombasa, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo kwenye magofu ya mji wa kale upo Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakati ule wakulima wengi jirani walitamani msitu ukatwe wapate mashamba, kwa kuwa ndovu na nyani walitoka humo kuharibu mazao yao. Mradi uliwafundisha kufuga vipepeo wa msituni. Kiwavi akishiba hujifunga ndani ya ganda, naye huuzwa angali humo na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za ng'ambo. Hivyo msitu ukawa na faida ukiwa umesimama.

Mama mmoja mfugaji alinionyesha vizimba vyake vya neti, vyenye miche na viwavi wanene wakitafuna. Nilipomsimulia habari ya dawa yangu, alicheka.

"Dada yangu, ukiwaua watoto, wazazi utawapata wapi?"

Sikuwa na jibu. Wale viwavi wa mlimau, ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege na wakikua huwa kijani, ndio wanaogeuka vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano!

Niliporudi nyumbani niliacha dawa. Nilipanda mindimu miwili iwe chakula cha viwavi. Penye jua nilipanda zinia na haibiskasi, ili vipepeo wanywe utamu wa maua. Niliweka pia sahani ya mchanga uliolowa, maana hupenda kunyonya unyevu. Mche mdogo ukizidiwa, huwahamishia viwavi kwenye mlimau mkubwa. Majani yake yana matundu, lakini bado unazaa.

Jumamosi moja kitinda mimba wangu aliniita kwa sauti, "Mama, anatoka!" Tulichuchumaa pamoja, kimya, mpaka mabawa yakanyooka na kukauka, akaruka. Siku hiyo wali uliungua, wala hakuna aliyelalamika.