Gari Lilipokataa Kukimbia

Nimeendesha matatu tangu kabla ya Februari 2004, na nashuhudia kwamba siku hizo mguu wangu haukuwa wangu. Mwenye gari alitaka hesabu yake jioni. Makanga alitaka tulipite gari lililotangulia, tuokote abiria wa stejini. Mama wa omena aliyepandia Sori alinisihi, "Mwanangu, kanyaga, soko la Migori litanipita." Kila mmoja alikuwa na haki yake, na mwisho wa haki zote hizo ulikuwa pedali ya mafuta.

Kisha, Februari hiyo, zikaja kanuni za waziri John Michuki: mikanda, idadi ya abiria isiyozidi viti, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilipumua. Mwenye gari alipopiga simu kuuliza nimekwama wapi, nilimjibu, "Mzee, gari lenyewe limekataa." Akanyamaza! Kwa mara ya kwanza nilikuwa na shahidi asiyehongeka. Baadaye vidhibiti vingi vilichezewa nyaya, lakini amani niliyoonja haikunitoka.

Ndiyo maana sitetemeki vijana wa machimbo ya dhahabu hapa Osiri, wakingoja teksi ya Probox ijae, wanaponionyesha kwenye simu magari ya Waymo. Yalianza kubeba umma bila dereva pande za Phoenix, Marekani, Oktoba 2020. "Mzee, mtakula nini?" wananiuliza. Nawaambia watazame vizuri: gari lile humbeba aliyeliita na aliofuatana nao. Probox yetu hubeba mchimbaji, mgonjwa wa kliniki, gunia la omena na kifurushi kisicho na mwenyewe, ambacho nauli yake imetumwa kwa M-Pesa kutoka Nairobi. Kuwakusanya watu wasiojuana, nauli ikawa nafuu na kila mmoja akashukia kwao salama, hiyo ndiyo kazi ngumu ya usafiri wa umma, na naamini itahitaji binadamu kwa muda mrefu. Breki, hata hivyo, ningegawana na mashine leo hii.

Tena mashine hiyo iko njiani. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Huko Japani, tangu Novemba 2021, modeli mpya za magari ya abiria lazima ziwe na breki zinazojifunga zenyewe gari likikaribia kugonga. Basi hayo ndiyo yatakayokuwa stejini kwetu miaka michache ijayo, yamepakwa mstari wa njano, yamejaa watu.

Hofu yangu iko kwenye kioo. Katika magari mengi ya aina hiyo, kamera inayoona mbele hukaa nyuma ya kioo cha mbele, na barabara zetu za changarawe hupasua vioo kila msimu. Kioo kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya kwa kifaa chake, inaweza kukosea umbali, na huenda dereva asijue. Vyuo vya ufundi vya Migori na Homa Bay vianze kufundisha kazi hiyo sasa, na wakaguzi wa magari waiulizie kama wanavyoulizia mikanda, kabla magari ya namna hiyo hayajawa mengi hapa Osiri.