Shosho yangu hapitishwi eksirei

Wasee wa kamera za filamu, tuongee. Roli moja ina picha 36. Kwa ile niliyopiga Desemba kuna shosho akicheka, hajui namwangalia. Picha ya simu ina nakala mahali. Hii haina, mpaka isafishwe.

Ndiyo maana nikisafiri kwa ndege, filamu siweki kwa begi linaloenda tumboni mwa ndege. Eksirei za huko zina nguvu, na filamu ambayo haijasafishwa inaweza kutoka na ukungu ama mistari. Nabeba mkononi. Hapo pia uwe macho: viwanja kadhaa sasa vina skana za CT hata kwa mabegi ya mkononi, na Kodak wenyewe wanashauri filamu isipite humo. Mashine za zamani ni afadhali kwa ISO 200 ama 400, lakini madhara hujumlika kila ukipita. ISO 3200 usijaribu.

Mimi huweka roli zote kwa kifuko kinachoonyesha ndani, nafika mapema, naomba: "Habari ya kazi, afande? Naomba uangalie hizi kwa mkono, ni filamu." Wengine hukubali, wengine hukataa. Nyuma mtu atafyonza, ati naringa. Afyonze tu. Kuomba kwa heshima si kuringa.

Na kama kuna mahali pa kusafisha kabla ya safari, safisha. Filamu iliyosafishwa haiogopi eksirei.