Kuhifadhi Amana za Nyumba kwa Fedha Kidogo



Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisomesha tafsiri ya Kurani barazani kwetu kwa miaka mingi, kila Ramadhani baada ya sala ya Alasiri. Darsa zake zilinaswa katika kaseti, na baadaye sisi wanawe tukazihamisha zote katika diski moja ya kompyuta, pamoja na picha za jamaa, hati ya shamba na karatasi za mirathi. Kaseti tukazitupa, kwa kuwa tuliona hazina kazi tena. Diski tukaitia katika saraka, nasi tukajiona tumekwisha hifadhi.

Siku moja tulipoiunganisha na kompyuta, ilialika mara tatu, kisha ikanyamaza. Fundi wa kwanza alishindwa, na wa pili akashindwa. Katika juzuu 30 tulizipata 11 tu, nazo ni kwa sababu binamu yetu aliyeko Tanga alikuwa amezinakili katika flashi yake ili azisikilize safarini. Zile 19 zimekwenda, na sauti ya mzazi aliyekwisha fariki hairekodiwi mara ya pili.

Hatukuwa na wa kumlaumu illa nafsi zetu. Amana ya watu wengi tuliiweka mahali pamoja, na katika chombo ambacho hatukupata hata siku moja kukikagua. Basi tukaazimia kuweka nyumbani seva ya mafaili, yaani kompyuta moja isiyozimwa, ambayo kazi yake ni kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima, na kila mmoja wetu huyafikia kwa simu au kompyuta yake kwa njia ya rauta ya nyumbani. Walakini fedha zetu zilikuwa chache, na tuliyojifunza katika kuzitumia ndiyo tunayotaka kuwaeleza wenzetu.

Vijana wetu wa nyumbani walitaka tuanze na kompyuta: kasha la kioo, taa za rangi, prosesa ya mwaka huu. Tukawaambia kwamba mtu anunuaye sanduku la kuwekea dhahabu haanzi kwa kutazama rangi ya sanduku. Kazi ya kutoa na kupokea mafaili ni nyepesi, wala haihitaji nguvu nyingi. Tulinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika ofisini, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, aina iliyotoka mwaka 2015, na memori ya gigabaiti 8. Tulitazama mambo matatu tu: iwe na nafasi ya diski mbili kubwa ndani yake, iwe na tundu la waya wa mtandao la gigabiti 1, na feni yake iwe nzima. Tundu la gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na lile la zamani la megabiti 100 hupitisha kama 11 tu. Kwa hiyo tofauti hii huonekana zaidi kuliko tofauti ya prosesa. Programu ya kuendeshea hatukuilipia, kwani Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutolewa bure kwa kila mtu.

Jambo jingine ni umeme. Kompyuta inayokula wati 20, ikiwaka mchana na usiku, hutumia yuniti 14 na kitu kwa mwezi. Zile seva kubwa za maofisini, ambazo huuzwa rahisi sana na huwavutia vijana, moja yaweza kula wati 120, nazo ni yuniti 86 kwa mwezi. Kila msomaji na azidishe hesabu hiyo kwa bei ya umeme ya mji wake, naye ataona kwamba kitu rahisi dukani chaweza kuwa ghali nyumbani. Huo ni israfu uliojificha.

Sasa tuje katika diski, na hapa ndipo tulipopata funzo kubwa. Kwa tamaa ya kupunguza gharama tulinunua diski moja iliyokwisha tumika. Muuzaji alituapia kuwa ni kama mpya, nasi tukamsadiki bila ya kuijaribu. Tulipofika nyumbani tukaisoma kwa programu ya bure iitwayo smartctl, kwani kila diski ina daftari lake la ndani linaloandika umri na maradhi yake. Tukakuta imewaka saa 43,000, yaani karibu miaka 5 bila ya kupumzika, na sehemu zake 312 zilikwisha haribika zikahamishiwa pengine. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Tuliporudi, muuzaji alikataa kuipokea.

Usiku ule mpwa wetu, kijana mwema asiyekusudia ubaya, alitwambia: "Mjomba, tuifute, tuipige picha nzuri, tuiuze kwa mtu mwingine. Hatutasema uongo, tutanyamaza tu." Hatuna budi kukiri kwamba hatukumjibu upesi. Fedha ile ilikuwa nusu ya tuliyohitaji kununulia diski mpya, nasi tuliona kwamba tumedhulumiwa, na mwenye kudhulumiwa hujiona ana haki ya kupunguza hasara yake.

Ndipo tukamkumbuka Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni akakuta lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani na vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa, watu wapate kuiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Mtu yule hakusema uongo kwa ulimi wake. Alinyamaza tu, kama tulivyotaka kunyamaza sisi. Asubuhi tukaifungua diski ile kwa bisibisi, watoto wakaona sahani zake zinazong'aa kama kioo, na tukawaeleza kwa nini hatukuiuza. Hasara ile ilituchelewesha miezi miwili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tia mkono wako ndani ya lundo. Usinunue diski iliyotumika kabla ya kulisoma daftari lake mbele ya muuzaji. Hata mpya usiichukue kwa jina tu. Mwaka 2020 ilidhihirika kwamba watengenezaji wakubwa wa diski walikuwa wakiuza baadhi ya diski za aina ya SMR bila ya kuwajulisha wanunuzi. Diski za SMR huandika mistari yake ikilaliana kama vigae vya paa. Zafaa kuwekea nakala isiyobadilishwa mara kwa mara, walakini huchelewa mno zinapoandikwa upya kwa wingi. Kwa seva, tafuta katika maelezo ya mtengenezaji neno CMR.

Mwisho tulinunua diski mbili mpya za terabaiti 4 kila moja, na kila kinachoandikwa katika hii huandikwa papo hapo katika ile. Moja ikifa, nyingine hubaki. Lakini watu wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo hifadhi, na hilo ni kosa. Mtoto akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Na mwizi akiichukua kompyuta, huzichukua zote mbili. Basi tukanunua diski ya tatu ya kubebeka, ambayo hupokea nakala kila mwezi kisha ikarudi kukaa kwa dada yetu, mtaa mwingine.

Sayyidna Uthman (r.a.) alipoamrisha misahafu inakiliwe, hakuiacha yote Madina, bali aliipeleka pia katika miji mingine mikubwa. Hasha, hatufananishi darsa za mja na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Twasema tu kwamba wema waliotangulia walijua kuwa kinachopendwa hakiwekwi mahali pamoja. Na sisi tuliokolewa na flashi ya Tanga, si kwa akili zetu.

Tukaongeza kisanduku cha betri kiitwacho UPS, kwani umeme ukikatika ghafula hali diski inaandika, mafaili huweza kuharibika. Tulichagua chenye waya wa kuiarifu kompyuta ijizime kwa taratibu betri inapokaribia kwisha. Na kwa kuwa pwani kuna joto na hewa ya chumvi, kompyuta tuliiweka juu ya rafu iliyo wazi, si sakafuni wala kabatini, na vumbi hupanguswa kila mwezi.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: katika kila shilingi 10, kama 6 zilikwenda katika diski, 3 katika kompyuta, na 1 katika UPS na waya. Asiye na uwezo huo asivunjike moyo, wala asikope kwa riba. Na aanze na diski mbili za kubebeka, moja kwake na moja kwa jamaa yake, na azikague. Hizo ni bora kuliko kompyuta ya fahari yenye nakala moja.

Juzuu 11 za baba sasa zimo mahali patatu. Kila Ramadhani, baada ya Alasiri, twaifungua moja na nyumba nzima husikiliza. Tukifika mwisho wa ya kumi na moja watoto huuliza iko wapi ya kumi na mbili, nasi huwaambia ukweli. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokipoteza, na ajaalie wasomaji wetu wahifadhi amana zao kabla ya kufikwa na yaliyotufika. Amin.