Boriti za Nyumba ya Babu

Basi letu lilitoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu, na alasiri tukateremka Mokowe. Kutoka hapo gatini hadi Amu ni mwendo mfupi wa mashua. Adhana ya Magharibi ilinikuta nikipanda kichochoro cha mtaa wa Mkomani kuelekea nyumba ya marehemu babu yangu. Dari yake ya juu ilikuwa imeanza kuteremka, nasi jamaa tulikubaliana iteuliwe na kujengwa upya kabla ya masika.

Anayeijua Amu anazijua nyumba zake za mawe. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake huwekwa vipande vya mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Mwaka 2001 mji huu wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Lakini wenyewe waliozaliwa humo hawakungoja orodha kuijua thamani ya boriti moja.

Asubuhi nilimkuta fundi kiwandani, yaani katika ua wa ndani, amekwisha kuigawa dari ya zamani mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa la boriti nzima. Aliigonga kila moja kwa mpini wa nyundo akaisikiliza. Iliyo nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Fungu la pili lilikuwa la boriti zilizoliwa ncha tu, kwa kuwa ncha ndiyo inayozikwa ukutani na kunywa unyevu. Hizo hukatwa ncha zikatumika katika chumba kidogo, jikoni au kibandani. La tatu lilikuwa la mawe, na vijana wawili walikuwa wakiyakwangua chokaa kuukuu. La nne lilikuwa kifusi, ambacho punda walikichukua kwa makapu kwenda kuinua sakafu ya jirani iliyokuwa ikituama maji. Hata misumari ilinyooshwa ikatiwa mkebeni. Kwa kweli sikuona cha kutupwa ila vumbi.

Nikamwuliza fundi, "Na zile boriti kumi na mbili nilizokupigia simu, zimefika?" Akajibu kwamba zilikwishapelekwa Matondoni wiki iliyopita, kwa mama mmoja mjane ambaye jiko lake liliangushwa na mvua. Moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimeifanya sadaka hiyo kwa simu, nikiwa nimeketi Mombasa, na nikajiona nimefanya jambo jema.

Shangazi yangu alikuwa ameketi barazani akisikiliza. Ni mtu wa miaka themanini na zaidi, na hapandishi sauti. Akaniambia, "Mwanangu, boriti hizo ni za nani?"

Nikasema, "Ni za nyumba, shangazi."

"Na nyumba ni ya nani?"

Hapo nikanyamaza. Nyumba haikupata kugawanywa tangu babu alipofariki. Shangazi ana fungu lake. Fungu la baba limetushukia sisi watoto wake, na la kaka yangu, aliyefariki baada ya baba, limewashukia mjane wake na watoto wake watatu, ambao mkubwa wao hajabaleghe. Mimi ninayewasomesha watu mirathi nilikuwa nimetoa sadaka katika mali ya yatima. Shangazi hakuongeza ila neno moja: "Mimi langu nimesamehe. Lakini wale watoto hawawezi kukusamehe mpaka wakue, na huyo mjane sharti umwulize."

Ndugu zangu, na hasa akina mama mnaosimamia nyumba wakati wa ukarabati, hapa ndipo wengi wetu huteleza. Mlango ukishang'olewa au bati likishateremshwa, tunaliona kuwa takataka na kumpa mpita njia. Kung'olewa hakuiondoi milki. Kilichokuwa mali ya warithi kikiwa ukutani ni mali yao kikiwa chini. Warithi waliobaleghe na wana akili waombwe idhini mmoja mmoja. Fungu la mtoto yatima halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata mlezi wake. Na nyumba ya kukodi vilevile: mpangaji asitoe mlango wa mwenye nyumba kwa kuwa tu umechakaa.

Siku hiyohiyo nilimtaka fundi anitajie bei ya boriti zile kama zilivyokuwa, kuukuu, si bei ya mpya. Tukazikadiria pamoja na fundi mwingine, nikaliweka fungu la watoto katika akiba yao kutoka mfukoni mwangu. Shemeji yangu nilimpigia simu, na ndugu zangu waliosalia nao. Wote waliridhia.

Kesho yake nilikwenda Matondoni, mashuhuri kwa waunda majahazi na wasusi wa mikeka. Jiko la yule mama lilikuwa limekwisha simama: boriti zetu juu, fito zimefungwa, makuti yamo njiani. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Akasimama mlangoni akaniambia, "Sheikh, kama zina neno, zishusheni. Sitaki kumpikia mwanangu chini ya haki ya yatima." Nikamweleza kwamba haki imekwisha lipwa na boriti ni zake halali. Ndipo alipokaa chini akalia. Nikaona haya, kwani uzembe wangu nusura umvunjie jiko mara ya pili.

Sisemi haya ili watu waache kutoa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alimwona mbuzi aliyekufa, ambaye huria wa Bi Maymuna alikuwa amepewa kwa sadaka, akauliza kwa nini wasiitumie ngozi yake. Wakasema ni mzoga. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Ikiwa ngozi ya mzoga haikupuuzwa, itakuwaje boriti nzima itupwe pwani? Suratul Israa nayo imewaweka wabadhirifu mahali pabaya, na kutupa kinachofaa ni ubadhirifu.

Lakini kutoa kuna adabu zake. Suratul Baqara inatukataza kukusudia kibovu tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi mpe maskini boriti inayolia, si iliyonyamaza. Vigae vya asbesto visitolewe kwa mtu yeyote, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Waitwe wenye idhini ya kuviondoa. Milango ya nakshi ya Amu inalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006, hivyo mwenye mlango wa kale awaulize watu wa Makumbusho kabla hajaukabidhi kwa mnunuzi wa mbali.

Na vifaa vya msikiti vina hukumu yake peke yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mawe na miti ya msikiti uliobomoka usioweza kujengwa tena hujengewa msikiti mwingine, na ulio karibu ndio bora. Hayajengewi kisima wala nyumba ya mtu. Imamu Nawawi katika Minhaj amesahihisha kwamba mikeka ya msikiti iliyochakaa, na magogo yake yaliyovunjika yasiyofaa ila kuni, yaweza kuuzwa. Kamati zetu zisigawe kiholela.

Nilipoagana na shangazi, dari mpya ilikuwa imefika nusu. Boriti nyingi juu yake ni zilezile alizozikata babu ujanani. Akanionyesha mbili alizoziweka kando, kisha akasema, "Hizi ni za fungu langu. Zipeleke Matondoni, mlango wa jiko una uwazi."

Mwenyezi Mungu atutakabalie tunachotoa, na atusamehe tulichotoa kisichokuwa chetu. Wallahu aalam.