Wajumbe wa Utumbo

Msomaji, ukipita Mwembe Tayari asubuhi, hapo yapakiapo mabasi yaendayo bara, utakuta mahamri ya moto kwa mbaazi, na chai iliyokolea sukari. Kula, mimi sikukatazi. Lakini wako wazee katika mitaa ile waliozuiliwa vyakula hivyo na maradhi ya kisukari, nao husengenywa kuwa walikuwa walafi. Shutuma hiyo siikubali, na sababu yangu imo ndani ya utumbo.

Twajua sote kwamba insulini, iondoayo sukari katika damu, hutoka katika kongosho. Ni kweli, ila kongosho halitendi kazi peke yake. Katika ukuta wa ndani wa utumbo zimetawanyika chembe ambazo kazi yake ni kama kuonja. Chakula kizifikiapo, hutoa homoni katika damu, na homoni hizo huliarifu kongosho kuwa sukari yaja. Mwaka 1964 wataalamu wa Uingereza na wa Marekani walidhihirisha jambo hili: sukari iliyonywewa iliamsha insulini nyingi kuliko sukari iliyotiwa katika mshipa. Kwa mtu mwenye afya, nusu ya insulini itokayo baada ya kunywa sukari, au zaidi ya nusu, ni kazi ya wajumbe hao.

Katika kisukari cha ukubwani, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, mambo hugeuka. Mjumbe atokaye mwanzo wa utumbo mwembamba huendelea kutumwa karibu kama zamani, bali kongosho halimsikii tena. Mjumbe wa pili, atokaye chini zaidi, bado husikizwa akija kwa wingi. Msiba wake ni kwamba hadumu. Kwa dakika mbili hivi nusu yake imekwisha haribiwa. Basi mzee wetu huenda hakula kumzidi jirani yake. Hamri lilipoingia tumboni habari ilipelekwa, na aliyepelekewa hakuitika.

Katika mate ya mjusi mmoja wa majangwa ya Marekani ilipatikana homoni iliyofanana na mjumbe huyo wa pili, nayo haiharibiki upesi. (Mjusi huyo hula mara chache kwa mwaka, futari zetu zingemshangaza.) Mwaka 2005 dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani, na nyingine za jamii yake zimefuata. Zimefika hata Kenya, lakini mchuuzi wa Mwembe Tayari akiisha kuambiwa bei yake, huurudisha mkono mfukoni.